Asante ya kulazimishwa haitoshi

Katika mitaa ya Buruburu, Umoja na Kayole ni jambo la kawaida kumsikia mzazi akimwambia mtoto wa miaka 3 mbele ya mgeni: "Sema asante!" Mtoto hulitamka neno hilo huku akitazama chini, mgeni akacheka na mzazi akaridhika. Mgeni akishaondoka, mtoto yuyo huyo humfokea yaya amletee uji na hakuna anayemrekebisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo lote huharibika.

Mtoto hana kosa. Kabla ya kufika miaka 4 au 5 hivi, huwa bado hajaelewa barabara kwamba watu wengine wana mawazo na nia zao. Anajua uji umefika. Hajui kwamba kuna mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuupika. Kazi ya mzazi ni kumwonyesha mtu huyo.

Nafasi za kufanya hivyo hazikosekani, wala hazihitaji fedha. Mifereji ikikauka, kama inavyotokea mara kwa mara huku kwetu Eastlands, na muuza maji afike na mkokoteni wake wa mitungi, mpe mtoto jagi dogo asaidie kujaza ndoo. Akishahisi uzito wa maji, mwulize ni nani aliyesukuma mitungi yote ile. Kwa mama mboga, mwache mtoto atoe pesa na apokee sukuma wiki mwenyewe. Jioni mezani, kila mmoja amtaje mtu aliyemsaidia siku hiyo. Mzazi aanze, na amtaje yaya kwa jina. Mtoto akimtaja kondakta wa matatu, msimcheke.

Mwaka wa 2003 watafiti wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu walioandika kila wiki mambo waliyoyashukuru waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko walioandika kero zao. Hata hivyo, hao walikuwa watu wazima. Sitamwahidi mzazi yeyote kwamba mtoto wake wa chekechea ataacha kudeka.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni wazazi wanaotumia shukrani kumnyamazisha mtoto. Akisema kiatu kinambana, huambiwa ashukuru kwa kuwa wenzake hawana viatu. Akimkwepa jamaa anayemlipia karo, huitwa mtovu wa shukrani. Daktari hutegemea mtoto aseme panapouma, na aliyezoeshwa kwamba kulalamika ni utovu wa adabu anaweza kuficha hata kuguswa vibaya.

Mtoto akikataa kumkumbatia mtu, mwache asalimie kwa mbali, kisha mwulize faraghani, bila hasira. Ukishuku ametendewa ubaya, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo kabla ya kumwogesha. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto nchini ni 116, na haitozwi malipo.