Kunusa, Kunuka na Kunukia

Katika lugha yetu shina moja limezaa maneno matatu: kunusa, kunuka na kunukia. Kunusa ni kazi ya pua, kunuka ni aibu ya mwili, kunukia ni heshima ya mtu. Kati ya kunuka na kunukia pana herufi moja tu. Lakini mtu hawezi kuivuka herufi hiyo asipopitia katika kunusa. Nadai katika insha hii ya kuwa vijana wetu wa kiume, na hasa wale waliosoma, wanataka kunukia bila ya kunusa. Hununua manukato kwa macho, kwa masikio na kwa mfuko. Pua, ambayo ndiyo yenye shauri lake, haiulizwi neno.

Msomaji asidhani kuwa nimechagua jambo dogo kwa kukosa kubwa. Nitaeleza lililonichochea.

Atokaye Dar es Salaam kwenda Kibiti kwa barabara ya kusini hukata kushoto Bungu, akashuka mpaka Nyamisati, mahali ambapo vyombo huondoka kwenda Mafia na katika vijiji vya Delta ya Rufiji. Siku moja nilikuwa pale nikingoja chombo, akashuka kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akirudi chuoni baada ya likizo kwa wazazi wake. Alinipa shikamoo kwa adabu, akatua mzigo wake, akatoa chupa, akajimiminia shingoni, kifuani, nguoni na hata mkobani, mpaka mama mmoja muuza kamba akajifunika pua kwa upande wa kanga. Nikamwuliza, "Mwanangu, manukato hayo ni gani?" Akanitajia jina lililoandikwa juu ya chupa. Nikamwuliza tena, "Yananukia nini?" Akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Yananukia ghali, mzee." Nikacheka, naye akacheka, lakini neno alilolisema baadaye lilinikata kicheko. Alisema, "Sitaki wenzangu wajue kwamba nimetoka matopeni."

Basi hilo ndilo jambo lenyewe. Kijana yule hakununua manukato. Alinunua kifuniko cha kuifunikia nyumba ya baba yake.

Sitasema uongo kwa ajili ya kulisifu tope. Tope la mikoko linanuka. Majani yaangukayo huoza chini yake pasipofika hewa, na vijidudu vinavyoyala hutoa hewa ya kiberiti yenye harufu ya yai bovu. Lakini katika uozo huo huo kamba hulelewa, na samaki pia, nao ndio waliomlipia kijana yule karo. Msitu wa mikoko ya Rufiji, wenye hekta zipatazo 53,000, ni mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyo mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Mwenye kuzaliwa ndani yake ana pua iliyokwisha kupata elimu: anajua shombo la samaki mbichi, anajua vumba likaalo mtumbwini, anajua harufu ya mpunga mpya unapotwangwa, ya asali ya nyuki walao maua ya mchu, na ya mwembe unapochanua. Elimu hiyo ameipata bure, naye anaionea haya.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Manukato ya kiume ambayo vijana wetu huyaita kolonya yamechukua jina la Köln, mji wa Ujerumani, ambako ukoo wa Farina ulianzisha biashara yake mwaka 1709. Lakini Johann Maria Farina, aliyeyatunga manukato hayo, hakuwa Mjerumani. Alikuwa Mwitalia aliyekaa ugenini. Mwaka 1708 alimwandikia ndugu yake ya kuwa amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya kwao, majira ya maua, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Kwa hiyo kolonya ya asili ilikuwa ukumbusho wa nyumbani uliotiwa chupani na mtu mwenye kupakumbuka kwao. Leo mwana wa Delta huitumia chupa hiyo hiyo kwa kupasahau kwao. Ikiwa huku si kukosa kufahamu, sijui kukosa kufahamu ni nini.

Sasa tuingie katika ufundi wenyewe, maana asiyejua jinsi manukato yafanyavyo kazi hawezi kuchagua; atachaguliwa na muuzaji. Manukato hayana harufu moja. Yametungwa kwa mafuta ya namna nyingi, mengine mepesi kuruka, mengine mazito kuondoka, nayo hutoka mwilini moja baada ya jingine. Wenye kazi hiyo hugawa harufu katika tabaka tatu, nami napenda kuziita kitangulizi, kiini na kisalio. Kitangulizi ni harufu ya kwanza, kama ile ya limau, chungwa na balungi. Hukaa dakika chache ikatoweka, na katika joto la pwani yetu hutoweka upesi zaidi. Kiini hufuata: waridi, asumini, langilangi, karafuu, hicho hudumu kwa saa kadhaa. Kisalio ni kile kibakicho baada ya vyote: udi, liwa, ubani, miski na ambari, hicho huweza kulala katika nguo hata asubuhi ya pili. Kitangulizi ni hodi ya mgeni, kiini ni mazungumzo yake, na kisalio ni jina analoliacha akiisha kwenda zake.

Hapo ndipo hila ya dukani ilipo. Mnunuzi hupewa tone, akanusa papo hapo, akalipa. Amesikia hodi tu, naye amempa mgeni chumba. Akifika nyumbani hodi imekwisha, na mazungumzo yaliyobaki hayamfai. Tena manukato yaitwayo kolonya kwa haki ya jina huwa na mafuta ya harufu sehemu mbili hata tano tu katika mia. Yaliyosalia ni spiriti na maji. Hayo hayakutungwa yadumu kutwa, na anayeyalaumu kwa kutodumu analaumu asichokijua.

Je, elimu hii ya tabaka tatu ni ngeni kwetu? Mtazame mama wa pwani anapotengeneza arusi. Hufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo tangu jana yake. Hicho ni kisalio. Hufunga kikuba cha asumini na mrihani. Hicho ni kiini. Na mgeni aingiapo mlangoni hunyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi, yakamburudisha mara moja na kupita. Hicho ni kitangulizi. Mama huyu hakusoma kitabu cha mtu yeyote. Anajua kipi kitangulie, kipi kikae katikati, na kipi kibaki nguoni watu wakiisha kutawanyika. Mwanawe amekwenda chuo kikuu, akarudi na neno moja: ghali.

Nchi ya Rufiji yenyewe ina fungu lake katika historia ya mambo haya. Katika karne ya kumi na tisa sandarusi ilichimbwa katika ardhi ya mwambao huu, Rufiji ikiwamo, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko wafanyabiashara wa Salem katika Marekani wakaichukua kufanyia vanishi ya kung'arishia vyombo vya mbao. Sandarusi isiyokomaa wenyeji waliiita chakazi. Wageni wakalipotoa neno hilo katika vinywa vyao mpaka likawa jina la punda dume, nalo likaandikwa hivyo vitabuni. Naona katika kisa hiki mfano wa hali yetu. Utomvu ulitoka kwetu, jina likatoka kwetu; utomvu ukauzwa kwa kupimwa uzito, na jina likafanywa mzaha. Leo tunanunua chupa kwa bei ya jina, wala hatuulizi ndani yake mna utomvu gani.

Wako watakaonipinga, nami niko tayari kuwajibu.

Wa kwanza husema manukato ni mambo ya wanawake. Hawa hawaijui pwani yao. Mwanamume aendaye msikitini siku ya Ijumaa hujitia uturi kwa kuwa ni sunna. Huko Omani kanzu ya mwanamume ina kishada shingoni, nacho huchovywa katika manukato. Waridi, ambalo katika maduka ya Ulaya huwekwa upande wa wanawake, Arabuni hupakwa na wanaume wenye ndevu. Ua halina jinsia. Kibandiko cha chupa ndicho kilichopewa.

Wa pili husema Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Lugha yenye shombo, vumba, kutuzi na uvundo, kila moja kwa mahali pake. Yenye udi, uturi, buhuri, tibu, dalia, zabadi na kafuri. Lugha hiyo imekosa nini? Imekosa watumiaji. Kamusi ina maneno, na msomi ana kinywa. Kilichopotea ni haya ya kutokuyajua.

Wa tatu, nao ndio wenye hoja, husema nataka kuwarudisha vijana katika chetezo na kuwanyima dunia. Sivyo. Limau la Farina ni jema sana katika joto la Kibiti, pengine jema kuliko udi mzito ndani ya basi lililojaa watu. Wala dunia haikusimama mbali nasi: langilangi ya Komoro huingia katika manukato ya Ufaransa, Pemba hukamuliwa mafuta ya karafuu na ya makonyo, na Omani ilianzisha nyumba yake ya manukato, Amouage, mwaka 1983, ikauza ubani wake kwa jina lake. Simkatazi mtu chupa ya kigeni. Namkataza kuinunua akiwa amefumba pua.

Kwa hiyo nampa kijana shauri fupi. Kwanza oga, maana manukato juu ya kutuzi ni chokaa juu ya ukuta uliolowa. Tia tone katika kifundo cha mkono, si katika kizibo wala karatasi tu, kwa kuwa ngozi ya kila mtu ina jawabu lake. Usinuse zaidi ya namna tatu kwa siku, pua isichoke. Ondoka dukani. Tembea juani. Nusa tena adhuhuri, kisha alasiri, na ununue kile ulichokipenda alasiri. Jitie kidogo, mtu akunuse akikukaribia, asikunuse kabla hujafika.

Na usiogope chenye kunuka. Zabadi itokayo kwa ngawa hunuka vibaya mno ikiwa mbichi. Ikichanganywa kwa kipimo hunukia. Udi hauko katika mti mzima. Hupatikana katika mti uliojeruhiwa na kuingiwa na maradhi, ukatoa utomvu wa kujikinga. Watunga manukato wanajua tangu zamani kuwa utamu mtupu huchosha, na kwamba uchungu kidogo, moshi kidogo na udongo kidogo ndivyo vinavyoipa harufu maisha. Mwana wa Delta analo hilo tayari katika kumbukumbu yake, na kwa fedha yake mwenyewe analifuta.

Kwa wasomi wa jarida hili nina ombi moja. Wazee wa Salale na Mbwera bado wanayo majina ya harufu za miti, maji na majira ambayo hayamo katika kamusi zetu. Mwanafunzi atokaye huko ndiye afaaye kwenda kuyaandika, maana anayo pua ya kuyatambua. Lakini hatakwenda ikiwa tumemfundisha kuonea haya mahali ayapatapo. Yule wa Nyamisati nilimwuliza, chombo kikikaribia, kama analijua ua la mchu linavyonukia. Alinyamaza, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka, kisha akasema, "Nalijua, mzee. Ni asali." Hilo ndilo jawabu la kwanza alilonipa kwa pua yake.