Ukinipima, Usinikimbie



Tuseme una miaka 19, unaendesha boda pale Awasi, kando ya barabara ya Kisumu–Kericho. Anakuja mtu na fomu. Wiki mbili zilizopita, usingizi ulikupotea siku ngapi? Hamu ya chakula je? Umejiona umefeli? Kisha swali la tisa, la mwisho: umewahi kuwaza afadhali ufe? Unajibu kwa namba, 0 hadi 3. Anajumlisha, anakushukuru, anaondoka. Wewe unabaki na fikra zako, na pikipiki ya mkopo. (Mkopo umebaki kiasi gani, fomu haiulizi.)

Fomu yenyewe inaitwa PHQ-9 na sina ugomvi nayo. Ilishafanyiwa majaribio hata huku magharibi mwa Kenya. Ugomvi wangu ni kile kinachofuata, maana mara nyingi hakuna kinachofuata!

Mwaka 2021 APHRC na washirika wake walifanya utafiti wa nchi nzima kwa vijana wa miaka 10 hadi 17. Takriban asilimia 44 walikuwa na tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Sio wote wagonjwa. Waliofikia kiwango cha ugonjwa ni kama asilimia 12. Lakini waliotumia huduma yoyote ya ushauri au msaada ni asilimia 11 tu. Sasa hebu niambie, tunahitaji fomu ngapi zaidi ndipo Awasi ipate mshauri mmoja wa kukaa?

Na kuna jambo wengi hawalijui. Hadi Januari 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ndiye aliyesema kinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo kijana aliyewahi kujaribu, akiulizwa na kusema ukweli, alikuwa anakiri kosa mbele ya mtu asiyemjua. Wallahi, nani angesema? Halafu mnashangaa vijana wanaficha.

Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022 na kuzipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Si hisani. Kumwambia kijana apande matatu hadi Kisumu mjini sio huduma.

Nasi tusijitoe. Kijana akisema moyo umemlemea, tunamwambia imani yake ndogo. Nabii Yaaqub alayhi salaam alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Na yeye imani yake ilikuwa ndogo?

Kwa hivyo fomu ikija, uliza kwanza. Majibu yangu anakaa nayo nani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua, na aliye chini ya miaka 18, kwa kawaida mzazi au mlezi lazima akubali. Alama zikiwa juu nitaonwa na nani, wapi, lini? Akibabaika, mrudishie kalamu yake.

Na kama swali la tisa jibu lako ni ndiyo, usingoje fomu wala kaunti. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, leo hii.