Afisa uhusiano si mbeba mkoba

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya kazi ambayo vijana wengi wanaitamani na wazazi wengi wanaidharau, yaani kazi ya afisa uhusiano.

Nimesukumwa kuandika na binti mmoja niliyemfundisha kusoma na kuandika hapa kijijini. Amemaliza kidato cha sita na amepania kusomea uhusiano wa umma chuo kikuu. Baba yake, ambaye ndiye atakayeuza mbuzi, amekataa katakata. Anasema hiyo si kazi, bali ni kumbebea mkubwa mkoba na kumpiga picha akikata utepe. Alinijia nyumbani ili nimsaidie kumgeuza mtoto mawazo. Nilimjibu, "Mzee wangu, kwa hili mimi niko upande wa binti." Tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa za mbali, na ndiyo maana naona heri niseme sababu zangu hadharani.

Sikatai kwamba wabeba mkoba wapo. Lakini miaka miwili iliyopita pampu ya maji ya kijiji chetu ilizimwa kwa siku 9. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya kata, likisema huduma "imesitishwa kupisha matengenezo kinga ya miundombinu". Mimi niliyepita chuo cha ualimu nililisoma mara mbili. Akina mama waliosomewa walishika neno moja tu: imesitishwa. Uvumi ukaenea kwamba mashine imeuzwa. Watu wakagoma kutoa fedha za maji, na fundi alipofika akatimuliwa kwa mawe.

Ndipo akatumwa afisa uhusiano, msichana mdogo, kwa bodaboda, hana hata kamera. Aliwaamkia wazee, akakaa chini ya mwembe, akawaacha waseme mpaka wakachoka wenyewe. Kisha akachora kisima na bomba mchangani kwa kijiti. Swali lililomshinda aliliandika daftarini, na Alhamisi iliyofuata alirudi na jibu kama alivyoahidi. Tena alikiri mbele ya mkutano kwamba lile tangazo liliandikwa vibaya. Sijapata kumsikia mtu wa ofisi akisema hivyo katika kijiji hiki. Wiki ile ile watu walianza kulipa.

Nilizungumza naye alipokuwa akisubiri usafiri. Alianzia redioni, akisoma matangazo ya vifo. Akaenda hospitali kupokea malalamiko ya wagonjwa, na huko, alisema, ndiko alikojifunza kunyamaza. Sasa yuko kwenye maji, na angependa siku moja afanye kazi katika hifadhi za wanyama. Ndugu wasomaji, mimi nimefundisha darasa la tatu kwa miaka 11 mfululizo. Kazi yangu naipenda, lakini siku ile nilimwonea wivu kidogo.

Wala hayo si ya wadogo tu. Marehemu Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti, akawa mwandishi wa habari wa Rais mwaka 1974, akaanzisha uongozi wa Shirika la Habari, Shihata, mwaka 1976, kisha akawa balozi na waziri kabla ya kuwa Rais mwaka 1995. Sisemi kila afisa uhusiano atafika Ikulu. Nasema mtu aliyezoea kueleza jambo likaeleweka ana milango mingi ya kubisha.

Isitoshe, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka ofisi zinazohusika ziwe na afisa wa kushughulikia maombi ya taarifa, na mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Hapa kijijini sijakutana na mtu anayeijua sheria hiyo, na kwa maoni yangu hiyo peke yake ni kazi ya kutosha kwa kijana mwenye miguu.

Ombi langu kwa waajiri ni kwamba vijana hawa wasipewe meza siku ya kwanza. Wapelekwe kwenye dawati la malalamiko, wapelekwe vijijini, ndipo waandike matangazo. Na wakubwa wao wawaruhusu kusema "tulikosea", maana afisa asiye na ruhusa hiyo atarudi kwenye kamera hata akisoma vyuo vitatu.

Kwa vijana, jifunzeni Kiswahili cha kueleweka na bibi zenu.

Na kwako mzee wangu, najua gazeti hili husomwa pale kilabuni. Binti ameshajaza fomu, anasubiri neno lako. Mbuzi mmoja nitamtoa mimi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.