Nyongeza ni Dirisha Tu: Kalenda na Kazi Ndani ya Thunderbird

Leo sina habari za simu mpya wala za programu iliyotoka jana. Nataka tuzungumze kuhusu jambo la kawaida kabisa, yaani kalenda na orodha ya kazi ndani ya programu ya barua pepe iliyoko kwenye tarakilishi yako. Najua kuna watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Nivumilieni kidogo. Nyongeza moja ndogo ilikaribia kunikosesha mteja, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Nilianza kutumia Thunderbird nikiwa mwanafunzi, miaka miwili hivi baada ya toleo la 1.0 kutoka Desemba 2004. Wakati huo intaneti ilikuwa ghali. Ulikuwa ukiingia mtandaoni unahesabu dakika, na nyaya za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa. Hizo zilikuja 2009. Faida ya Thunderbird ilikuwa wazi: unaunganisha, unapakua barua zote, unakata mtandao, kisha unasoma na kujibu kwa utulivu. Baadaye nikagundua nyongeza iitwayo Lightning, ambayo iliweka kalenda na orodha ya kazi ndani ya dirisha lilelile la barua. Ilikuwa bado changa, namba zake za matoleo zinaanza na sifuri, na ilikwama mara kwa mara. Lakini niliipenda siku ya kwanza.

Kwa nini niliipenda? Fikiria kazi zako zinatoka wapi. Mimi ni mtengenezaji wa programu, na kazi zangu nyingi huingia kama barua pepe. Mteja anaandika kwamba ukurasa wa malipo umekwama. Mwingine anaomba mkutano Alhamisi. Mhasibu anakumbusha kwamba ripoti ya VAT lazima iwasilishwe kufikia tarehe 20. Barua hizi si za kusoma na kusahau. Kila moja ina kazi ndani yake, na kazi hiyo ina siku yake. Usipoitoa ndani ya barua na kuiandika mahali, itafunikwa na barua nyingine arobaini kabla ya jioni.

Ukiwa na kalenda ndani ya programu ya barua, unabofya barua kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuigeuza kuwa tukio au kazi. Kichwa cha barua kinakuwa jina la kazi, na maneno ya barua yanaingia kwenye maelezo. Unaweka tarehe na kikumbusho, umemaliza. Huna haja ya kunakili chochote. Kwa maoni yangu hakuna njia nyepesi zaidi ya kumfanya mtu mvivu kama mimi aandike kazi zake.

Sasa nije kwenye kisa changu.

Pamoja na Lightning, kwa miaka kadhaa nilitumia nyongeza nyingine ya vikumbusho ambayo sitaitaja. Ilikuwa nzuri kuliko ile orodha ya kawaida ya kazi. Ilikuwa na rangi, ilipanga kazi kwa mteja, ilinihesabia siku zilizobaki. Basi polepole nikaacha kuandika kazi kwenye kalenda nikawa naandika humo tu. Ndani yake kulikuwa na tarehe za kulipia domeni za wateja wangu wote.

Mmoja wa wateja hao ni mama mmoja anayeshona sare za shule. Wengi wa wateja wake humtumia oda kwa barua pepe: shule fulani, sweta kadhaa, saizi fulani. Mwaka wa 2020 ulikuwa mgumu sana kwake, kwa sababu shule zilifungwa Machi na hakuna aliyenunua sare. Kisha ikatangazwa kwamba shule zote zitafunguliwa tarehe 4 Januari 2021. Desemba hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kurudisha alichopoteza mwaka mzima.

Domeni yake ilikuwa inaisha muda kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimepokea barua za kunikumbusha nilipe. Nilizisoma zote. Nikazigeuza kuwa kikumbusho kwenye ile nyongeza yangu nzuri, nikazihamishia kwenye folda ya barua za zamani, nikaridhika.

Katikati ya miezi hiyo tarakilishi yangu ilihamia Thunderbird 78. Toleo hilo lilitoka Julai 2020 na lilileta mambo mawili makubwa. La kwanza, kalenda na kazi viliingizwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo Lightning haikuhitajika tena kama nyongeza. La pili, nyongeza zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani ziliacha kufanya kazi. Mabadiliko haya yalikuwa yametangazwa mapema, na mimi kama mtaalamu nilipaswa kuyajua. Niliona nyongeza yangu imezimwa, nikasema nitaishughulikia wikendi. Wikendi ikapita. Kilichobaki kwenye skrini ni kimya, na kimya nilikitafsiri kuwa sina kazi inayodaiwa.

Tarehe 27 Desemba mama akanipigia. "Mwanangu, watu wananiambia barua wanazonitumia zinarudi. Kuna nini?" Nilijua kabla hajamaliza. Nililipa saa ileile, lakini ilikuwa msimu wa sikukuu, na mpaka domeni ikaamka na barua zikaanza kupita vizuri tulikuwa tumepoteza siku nyingine mbili. Oda ngapi zilipotea? Hatutajua. Barua iliyorudi haimwachii mpokeaji alama yoyote. Nilimwambia, "Mama, ni mimi niliyekosea." Akanyamaza, kisha akasema, "Ungeniambia tarehe, ningeiandika kwenye daftari." Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Data yangu haikuwa imefutika. Nilipochimba kwenye folda ya wasifu wa Thunderbird niliikuta faili yote iko palepale. Tatizo ni kwamba ilikuwa katika mpangilio ambao nyongeza ile pekee iliuelewa, na nyongeza ile ilikuwa imekufa. Ni sawa na kufungia mahindi kwenye ghala ambalo ufunguo wake una mtu mmoja tu, naye amehama mji.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipozaliwa: nyongeza inafaa iwe dirisha la kutazamia kazi zako. Ghala liwe mahali pengine, na mlango wake ufunguke kwa ufunguo wa kawaida.

Ufunguo huo upo, na ni wa siku nyingi. Unaitwa iCalendar. Ulielezwa rasmi mwaka wa 1998 katika hati iitwayo RFC 2445, kisha ukaandikwa upya mwaka wa 2009 katika RFC 5545. Faili zake huishia na .ics, na uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu. Unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandikia na ukaelewa. Kazi yangu ya domeni ingekuwa na mistari kama hii:

BEGIN:VTODO
SUMMARY:Lipia domeni ya Mama
DUE;TZID=Africa/Nairobi:20201215T090000
END:VTODO

Hata asiyejua programu anaona humo kuna jina la kazi, mwaka, mwezi, siku na saa. Matukio huandikwa kwa VEVENT, kazi kwa VTODO. Thunderbird inaisoma, Outlook inaweza kusoma matukio yake, simu nyingi pia. Na tangu 2007 kuna utaratibu wa CalDAV, ulioelezwa katika RFC 4791, unaowezesha programu tofauti kutumia kalenda moja iliyoko kwenye seva. Ukiandika kitu kwenye tarakilishi, kinaonekana kwenye simu.

Baada ya kisa kile nilijiwekea masharti, na ninayafuata mpaka leo.

1. Kazi yoyote inayohusu pesa ya mtu mwingine inaandikwa kwenye kalenda ya kawaida, wala si kwenye hifadhi ya nyongeza. Kabla ya kuweka nyongeza mpya ninajiuliza swali moja: nikiiondoa kesho, kazi zangu zitabaki wapi? Kama sina jibu, siiweki.

2. Kila Ijumaa ninahamisha kalenda nzima kuwa faili ya .ics na kuiweka nje ya tarakilishi. Kalenda ya ndani ya Thunderbird hukaa kwenye faili iitwayo local.sqlite katika folda ya wasifu wako. Diski ikiharibika, nayo inakwenda. Kuhamisha huchukua chini ya dakika moja.

3. Tarehe zinazojirudia ninaziandika mara moja tu na kuiachia tarakilishi irudie: PAYE tarehe 9 ya kila mwezi, VAT tarehe 20, ripoti ya kodi ya mwaka tarehe 30 Juni. Kikumbusho hulia siku tano kabla, maana siku ya mwisho kila mtu yuko kwenye mtandao huohuo.

4. Saa ninaiandika mwenyewe. Mteja akiniandikia "tukutane saa nne asubuhi", mimi najua ni 10:00. Tarakilishi ikiachiwa ikisie, inaweza kuona nne ikaweka 04:00. Na nikialikwa mkutano na mtu wa London ninahakikisha tukio limebeba eneo lake la saa. Saa zetu hapa Kenya hazibadiliki mwaka mzima, lakini za Uingereza husogezwa Machi na Oktoba. Saa 10:00 yao ni 12:00 yetu wakati wa kiangazi chao, na ni 13:00 wakati wa baridi.

5. Kabla ya kuhamia toleo kubwa jipya la Thunderbird ninakagua nyongeza zangu moja baada ya nyingine. Nyingi nimeziondoa. Zimebaki tatu.

Najua hoja utakayonipinga nayo. "Si utumie simu tu? Kalenda iko kwenye simu, na simu iko mfukoni." Hoja hiyo ina nguvu, na ina ukweli ambao lazima niukubali: kikumbusho cha Thunderbird hulia programu ikiwa imefunguliwa. Umeme ukipotea, au ukifunga tarakilishi Ijumaa jioni, hakuna kitakacholia mpaka uifungue tena. Ndiyo ikifunguka itakuonyesha vikumbusho vilivyokupita, lakini kikumbusho cha jana ni majuto tu.

Jibu langu ni kwamba huna haja ya kuchagua. Unganisha kalenda moja kwa CalDAV, uandike kwenye tarakilishi ambako barua zinaingia, na ulizwe na simu ambayo haikuachi. Hata kalenda ya Google inaunganishwa na Thunderbird kwa njia hiyo. Tahadhari moja tu: kalenda ya Google hupokea matukio kupitia CalDAV, lakini haipokei kazi. Kwa hiyo jambo ambalo ni lazima simu ikulilie, liandike kama tukio lenye saa yake. Mimi tarehe za domeni zote sasa ni matukio.

Mwingine atasema, "Basi nyongeza hazifai kabisa." La hasha. Kumbuka kwamba Lightning ilianza kama nyongeza. Kuanzia Thunderbird 38, mwaka wa 2015, ilianza kuja pamoja na programu, na mwaka wa 2020 ikawa sehemu yake. Kama watu wasingejitolea kuiandika na sisi wengine tusingeitumia ikiwa bado inakwama, leo kusingekuwa na kalenda humo. Nyongeza ndiyo njia ya mtu mdogo kuonyesha kile ambacho wakubwa hawajakifikiria. Lakini mtu huyo ana kazi yake ya mchana na watoto wa kusomesha. Siku moja atachoka, na ana haki ya kuchoka. Nawe ni wajibu wako kupanga mambo ili siku akichoka, mteja wako asiumie. Na Lightning yenyewe inatufunza: ilipoingizwa ndani ya programu, kazi zilizokuwa kwenye kalenda yake zilivuka salama. Zilizopotea ni zile nilizozihamishia kwingine kwa sababu ya rangi nzuri.

Yule mama bado ni mteja wangu. Kila Desemba mosi ninamtumia mwaliko wa kalenda wenye tarehe ya domeni yake, faili ya .ics ndani ya barua, na simu yake inaupokea. Hata hivyo mwaka jana nilipopita dukani kwake aliniita ndani akanionyesha daftari lake karibu na cherehani. Tarehe ilikuwa humo pia, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Sikumcheka. Nilimwomba kalamu, nikaandika namba yangu ya simu pembeni ya tarehe hiyo.

Basi kwa leo yatosha. Kabla hujafunga tarakilishi yako, fungua ile nyongeza unayoitegemea zaidi na utafute mahali pa kuhamisha data. Ukikosa, anza kuhama leo.