Deni ni lako, cherehani ni ya mkeo!

Kijana mwenzangu, tuseme umefunga ndoa juzi tu. Pilau limeliwa, muziki umezimwa, maturubai yamerudi kwa wenyewe. Kumbe kabla ya harusi ulikopa mtaji wa kuuza simu Kariakoo, na biashara imebuma. Asubuhi moja wanakuja mabaunsa wawili na bwana mmoja aliyevaa tai. Wewe haupo. Wanabeba televisheni, wanabeba godoro, halafu wanabeba cherehani ambayo bibie aliinunua kwa hela yake kabla hata hajakufahamu. Akilalamika anaambiwa: "Mume na mke ni mwili mmoja. Deni lake ni deni lako."

Uongo mtupu! Mwili mmoja ni maneno ya madhabahuni, nasi tunayaheshimu. Lakini deni halidaiwi madhabahuni. Linadaiwa kwa sheria, na sheria inasema vingine kabisa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema kuoana hakubadilishi umiliki wa mali. Kilichokuwa cha mke kinabaki cha mke, na cha mume kinabaki cha mume. Kifungu cha 60 kinaongeza kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inahesabiwa kuwa ya huyo mwenye jina, mpaka mtu athibitishe vingine. Kwa hiyo mshahara wa mkeo ni wake. Hata akiwa amekatwa kodi kupita kiasi na TRA ikatakiwa kumrudishia, hela hiyo ni yake. Anayekudai wewe hana ubia nayo.

Nyumba mnayoishi nayo ina ulinzi wake. Kifungu cha 59 kinamkataza mume kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo imelirudia jambo hilo kwenye rehani.

Na hata mali yako mwenyewe mdaiwa haichukuliwi yote. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 48, inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia na vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake. Zana za fundi nazo zimekatazwa. Sasa lile godoro lilikwenda wapi? Kama mke amekamatiwa mali yake kwa amri ya mahakama, anayo haki ya kuweka pingamizi, na mahakama lazima imsikilize. Na kama mabaunsa walikuja bila amri yoyote ya mahakama, huo si ukusanyaji wa madeni. Ni uporaji wa mchana kweupe.

Je, ukizidiwa kabisa? Hapo ipo Sheria ya Kufilisika, tuliyorithi kwa Mwingereza. Mdaiwa mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kukiri kwamba ameshindwa. Wadai wote wanapangwa foleni moja, na mali yake inashikwa na mfilisi ili wagawiwe kwa utaratibu. Ukioa ukiwa bado umo humo, ujue kwamba mali utakayoipata wewe kabla hujaachiliwa na mahakama inaweza kudaiwa na mfilisi. Ya mkeo haimo. Lakini ukichanganya hela yake na yako kwenye biashara moja bila risiti wala daftari, utamtafutia kazi ngumu ya kuthibitisha ipi ni yake.

Marekani, ambako vijana wengi wanatamani kwenda, jambo hili lina kona zaidi. Huko mume na mke wanaweza kupeleka hesabu za kodi kwa pamoja, na kodi iliyozidi ikarudishwa kwa jina la wote wawili. Mume akiwa anadaiwa kodi ya nyuma au matunzo ya mtoto, serikali inaikamata hela hiyo. Lakini ipo fomu namba 8379, ambayo mke asiye na deni anaijaza kudai fungu lake. Na mume akiwa ndani ya mpango wa kufilisika wa miaka 3 mpaka 5, msimamizi anaweza kuidai hela inayorudishwa, ndiyo maana wapo wake wanaoamua kupeleka hesabu zao peke yao. Walau huko fomu ipo na inajulikana. Hapa kwetu haki ipo kwenye vitabu, mwenye haki hana habari.

Wenye habari ni wakubwa. Kigogo akisikia deni linaanza kunuka, nyumba inaandikwa jina la mama watoto. Sheria inairuhusu mahakama kutengua uhamisho wa hila kama huo, lakini nani atamfungulia kesi? Tunakumbuka mwaka 1991 ilivyobidi Bunge litunge sheria ya kuunda LART, kukusanya madeni mabovu ya mabenki ya umma. Tunakumbuka pia EPA. Shilingi bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu katika mwaka wa fedha 2005/06 kupitia makampuni 22. Mwaka 2008 wahusika walipewa mpaka Oktoba 31 wazirudishe, ndipo kesi zikafuata kwa baadhi yao. Wao walipewa muda! Mlalahoi wa Manzese mwenye deni la laki tatu hapewi hata siku ya kumtafuta shemeji amkopeshe.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Vizuri. Lakini kutangaza orodha hakumrudishii mtu cherehani yake. Tunataka serikali ya CCM ifanye mambo matatu. Sheria ya Kufilisika iandikwe upya kwa Kiswahili na kwa kipimo cha mdaiwa mdogo. Msaada wa kisheria ulioahidiwa na sheria ya mwaka 2017 ufike kwenye kata. Na mkopeshaji anayebeba mali ya asiyemdai afunguliwe mashitaka ya jinai.

Na wewe kijana, usijifiche nyuma ya makala haya. Kabla ya kupeleka posa, mwambie mchumba unadaiwa kiasi gani na nani. Ni aibu ya siku moja. Aibu ya mke kujua siku ambayo mabaunsa wako mlangoni haiishi. Risiti za vitu vyake ziandikwe jina lake, na zikae kwa mama yake.

Deni ni lako, lipe. Cherehani ni ya mkeo, iache ishone.