Barua za wafungwa wa Hong Kong na ukimya wa Kamina

Si siri kwa mkaaji wa Kamina kwamba bangi inauzwa mjini. Wazazi wanajua, walimu wanajua, na mara nyingi hata askari wanajua. Lakini watu wananyamaza, na sababu zao si za kijinga. Anayemtaja muuzaji leo atakutana naye kesho sokoni, na hana hakika kwamba yule aliyepokea siri yake ataitunza hadi jioni. Viongozi wanapowahimiza raia "watoe taarifa", raia huitikia kwa kichwa na kwenda zao.

Ndiyo maana kisa cha padri mmoja wa Hong Kong kinastahili kusomwa katika mji huu, ingawa ni cha zaidi ya miaka kumi iliyopita na kilitokea mbali sana na Haut-Lomami.

John Wotherspoon ni mzaliwa wa Australia aliyefika Hong Kong mwaka 1985 na baadaye akawa mhudumu wa kiroho wa wafungwa. Hakuwa na cheo serikalini wala askari nyuma yake. Uwanja wa ndege wa Hong Kong umejengwa kwenye kisiwa cha Chek Lap Kok, ubavuni mwa Lantau, na gereza la Stanley liko kwenye kisiwa cha Hong Kong chenyewe. Mtu aliyemeza vidonge vya heroini kabla ya kupanda ndege Afrika huweza kutua kwenye kisiwa kimoja na kuzeekea kwenye kingine. Sheria ya huko inaruhusu kifungo cha maisha kwa msafirishaji, pamoja na faini ya hadi dola milioni 5 za Hong Kong. Kwa mwongozo wa mahakama, heroini ya gramu 600 tu inaanzia kwenye miaka kama 20, kabla ya punguzo la aliyekiri kosa. Wengi wa wanaoitwa "punda" hupewa mzigo mkubwa kuliko huo.

Gerezani padri huyo aliwakuta Waafrika wengi, Watanzania wakiwa kundi kubwa. Walikuwa na hadithi moja inayojirudia. Rafiki, jirani au ndugu wa mbali alikuja na ahadi ya fedha, akashughulikia tiketi na viza, akasema wengine wamekwenda na kurudi salama. Aliyewatuma alibaki nyumbani. Huko Tanzania watu wa aina hiyo huitwa "wazungu wa unga", na walikuwa na uhakika kwamba punda akikamatwa hatasema kitu, kwa aibu na kwa hofu juu ya familia yake. Tena wapo walioachwa Pakistani kama rehani, mwili wa mtu ukiwa dhamana ya mzigo usiolipiwa.

Mwaka 2013 Wotherspoon aliwaomba wafungwa waandike barua kwenda nyumbani. Waliandika kwa mkono, kwa lugha zao, wakieleza walivyopatikana, walivyodanganywa na miaka waliyopewa. Baadhi waliwataja waliowatuma. Padri akaziweka barua hizo kwenye tovuti yake na kuzifikisha kwa waandishi wa habari, na magazeti ya Tanzania yakazichapisha. Baadaye yeye mwenyewe alisafiri hadi Afrika kupeleka ujumbe ule. Amesema kwamba baada ya barua hizo Waafrika waliokamatwa uwanja wa ndege kwa kosa hilo walipungua, na kazi yake ikageukia Amerika ya Kusini, ambako wabebaji wengine walikuwa wakitafutwa.

Hapo ndipo mtu mwenye mashaka atauliza: kama wabebaji walitafutwa kwingine, nini kimeshinda? Swali ni la haki. Biashara ya unga haikufa, wala padri hakudai kwamba ameiua. Alichofanya ni kumwondolea mfanyabiashara kitu alichokipata bure kwa miaka mingi, yaani kijana asiyejua kinachomngoja. Kijana wa Dar es Salaam aliyesoma barua ya mwenzake mwenye miaka 20 ya kutumikia hadanganyiki tena kwa neno la "wengine wamerudi salama". Na kila kijana aliyebaki nyumbani ni mtoto wa mtu.

Kuna hatari pia, na haifai kufichwa. Mfungwa anaweza kumtaja mtu kwa chuki. Jina likichapishwa kabla ya upelelezi, mtu asiye na kosa anaweza kuharibiwa maisha. Kwa hiyo majina yapelekwe kwa mwendesha mashtaka, na mbinu za kunasa vijana zitangazwe kwa watu wote. Katika barua zile mbinu ndizo zilizokuwa na faida kubwa zaidi, maana jina la mhalifu hubadilika kila baada ya muda, lakini uongo wake huwa ni ule ule.

Kamina haina uwanja wa ndege wa kimataifa, lakini ni njia panda ya reli. Njia moja inashuka Lubumbashi, nyingine inapita Kaniama kwenda Kasai hadi Ilebo, nyingine inaelekea Kabalo. Mji ulikuzwa na reli hiyo, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo. Penye njia panda hupita mihogo, hupita mahindi, na mizigo isiyofunguliwa hupita pia.

Jimbo hili linajua matunda ya dawa za kulevya kuliko linavyokubali. Tangu mwaka 2020 serikali imekuwa ikiwaleta Kaniama-Kasese vijana wa Kinshasa waitwao kuluna, ili walime na kujifunza kazi chini ya Huduma ya Taifa. Mwaka 2021 Kinshasa ilitikiswa na "bombe", mchanganyiko wenye unga unaosagwa kutoka ndani ya mabomba ya moshi ya magari, hadi wenye magari wakaibiwa vifaa hivyo usiku. Kijana aliyeharibikiwa amesafirishwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Aliyemuuzia hajaambiwa apande treni.

Kumwomba mama wa Sobongo au Dimayi asimame peke yake mbele ya wauzaji, huku serikali ikimtazama kwa mbali, ni kumwonea. Wotherspoon mwenyewe alikuwa na ulinzi ambao mama huyo hana: aliishi mbali na wale waliotajwa, na hakuwa na watoto wa kurudishwa shule njia ile ile kila siku. Kama viongozi wa jimbo wanataka taarifa, waweke kwanza njia ya kuipeleka bila jina, mikononi mwa watu ambao mji unawaamini, iwe parokia, msikiti au chama cha wazazi, na mwendesha mashtaka aseme hadharani kila baada ya miezi kadhaa amefanya nini na alichopokea. Bila jibu hilo, sanduku la maoni litajaa vumbi kama mengine yaliyotangulia.

Lipo jambo la pili ambalo halihitaji bajeti. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Hong Kong iliamua kwamba kushiriki katika kampeni ile ya barua, peke yake, si sababu ya kumpunguzia mtu kifungo. Tangu hapo anayeandika hatarajii malipo, na neno la mtu asiyelipwa linaaminika. Kaniama-Kasese wapo vijana wanaojua kwa miili yao walivyoanza, nani aliwapa mara ya kwanza bila kulipa, na lini bei ilianza kudaiwa. Hakuna mwalimu wa Kamina anayeweza kulisema jambo hilo kama wao. Wapewe daftari na kalamu, kila anayependa aandike, kwa Kiswahili, Kilingala au Kiluba, bila jina lake. Reli ya kutoka Kaniama hadi Kamina ipo tayari, na shule za kuzisomea barua hizo ziko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stesheni.