Kuna Msiba Gani Mang'ula?

KIBARAZANI, na Tusekile Mwambapa

Mke na mume wa Kitanzania wakionekana pamoja stendi ya mabasi alfajiri, begi moja miguuni pao, ujue ama kuna mtu amefariki ama kuna mtu anaoa. Sababu ya tatu ni Desemba. Ya nne, ambayo hatupendi kuitaja, ni rufaa ya Muhimbili. Ya tano siijui.

Ndiyo maana nilipomwambia jirani yangu kwamba mimi na Baba Neema tunakwenda Mang'ula mapumziko ya Sabasaba, aliweka ndoo chini akashika kiuno. "Pole mama. Kuna msiba gani Mang'ula?" Nikamwambia hakuna msiba, tunakwenda kutazama maporomoko ya maji. Akaniangalia kwa huruma ileile, sasa imeongezeka kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama Baba Neema anaumwa.

Sina ugomvi na misiba. Watu wanaozikana ndio watu. Lakini ndoa nyingi ninazozijua, yangu ikiwemo, zimezunguka nchi hii kusini na kaskazini bila safari hata moja iliyokuwa ya wale wawili wenyewe. Msibani mume analala nje turubaini na wanaume wenzake, mke yuko jikoni au mkekani na kina mama; mnaonana siku ya kuaga. Harusini mnakaa meza moja na spika inawatenganisha. Desemba ndiyo usiseme. Ukivuka kizingiti cha ukweni unakuwa mkwe, na mkwe hana muda wa kukaa na mume.

Wala si kwamba hatuna fedha ya mapenzi. Tunayo, tena ya kutosha, ila tunaimaliza siku moja. Kamati inakaa miezi. Kuna kadi ya singo na ya dabo, kuna ukumbi, mpambaji, mshehereshaji, gari la maharusi, na kabla ya yote kuna sendofu na kichen pati zenye kamati zao. Fungate ikibahatika kubakiziwa chochote, maharusi watapata siku mbili Bagamoyo. Baada ya hapo kamati inavunjwa, na kwa miaka yote inayofuata hakuna mwenyekiti wala mweka hazina atakayeuliza kama hawa watu wamewahi tena kukaa peke yao.

Kwa hiyo safari ya wawili lazima mjiundie kamati wenyewe, na ajenda yake ya kwanza iwe kutafuta mji ambao hamna ndugu. Jaribu uone ilivyo kazi. Kwetu Rungwe maporomoko yapo. Kaporogwe ni mazuri sana, unaweza kupita hadi nyuma ya maji yanapoanguka. Lakini kutoka Tukuyu mpaka huko nina shangazi wa kutosha kuunda serikali ya kijiji, na kila mmoja atataka tule kwake. Kwao mume wangu ni Marangu, ambako maporomoko ya Kinukamori yako pua na mdomo na barabara ya kwenda geti la Kilimanjaro, na mama mkwe wangu yuko pua na mdomo na Kinukamori. Mang'ula hatuna mtu. Sifa nyingine zote tulizigundua baadaye.

Ni mji mdogo wa Kilombero, kilomita kama sitini kutoka Mikumi ukishika njia ya Ifakara. Upande mmoja una ukuta wa milima ya Udzungwa, msitu mtupu; upande wa pili ni miwa mpaka macho yachoke. Reli ya TAZARA inapita hapo, na Wachina walipoijenga kati ya 1970 na 1975 waliweka karakana kubwa Mang'ula. Siku hizi unaweza kupanda treni ya umeme kutoka Dar mpaka Morogoro, ilianza 2024, kisha ukatafuta basi la Ifakara. Wali wa huko sitausimulia, maana safu hii ina kikomo cha maneno.

Gesti ndipo kisa kilipo. Binti wa mapokezi alitutazama mara moja, akarudisha macho kwenye simu yake, akauliza: "Mnapumzika au mnalala?"

Msomaji anayezijua gesti za Bongo swali hilo analielewa. Kupumzika kuna bei yake, ya saa. Baba Neema, ambaye ni mzee wa kanisa, alikohoa. "Tunalala, binti yangu. Huyu ni mke wangu."

"Sawa baba," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeambiwa hivyo na kila mteja tangu aajiriwe. Akatusogezea daftari la wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, shughuli. Kwenye shughuli mume wangu aliandika "kutembea". Binti akasoma, akaziba mdomo.

Nilikasirika kwa muda wa kupanda ngazi tu. Nikakaa kitandani nikaona yule binti hana kosa, anasema alichojifunza kaunta. Watu wazima wawili waliotoka mjini bila watoto, bila jeneza na bila semina, kwa uzoefu wake, ni watu wanaojificha. Ndoa halali inayostarehe haijawahi kufika pale kaunta akaijua sura. Starehe tumewaachia michepuko. Mchepuko anapelekwa mji wa pili kula kuku. Mke anapelekwa msibani.

Asubuhi tukaenda Sanje, kijiji kilicho jirani, ambako njia ya kwenda kwenye maporomoko makubwa inaanzia. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara. Hakuna kukaa kwenye gari ukasubiri simba aje kujipanga mbele ya kioo. Ukitaka kuona kitu, utakifuata kwa miguu, pamoja na mwongozaji. Wetu alikuwa kijana wa hapo hapo, mwenye adabu zake. Baada ya shikamoo baba, shikamoo mama, akauliza: "Mmekuja kwa semina?" Alituambia kuwa Watanzania anaowapandisha zaidi ni wanafunzi, wanaokuja kwa mabasi ya shule na kuimba njia nzima. Watu wa umri wetu, alisema, huwa ni wageni kutoka nje.

Njia inaanza kwa upole wa uongo, halafu inapanda. Ni nyembamba, hivyo hamwezi kwenda sambamba. Mmoja anatangulia, mwingine anaongea na mgongo wake. Mwanzoni tuliongea yale yale ya sebuleni: ada ya muhula, bati la kiwanja cha Kibaha, mkopo wa SACCOS. Mlima ukatunyang'anya mada moja baada ya nyingine, kwa sababu sentensi ndefu hazipandi mlima. Tukanyamaza. Nyumbani nasi tunanyamaza, lakini kila mtu na simu yake.

Tulipoanza kuyasikia maji, kabla ya kuyaona, Baba Neema akasimama. Akasema sauti ile inamkumbusha mfongo, mfereji wa maji wa kwao. Alipokuwa mtoto Marangu, zamu yao ya maji ikiangukia usiku, babu yake alikuwa akimtuma kupanda peke yake kufungua mfereji ili maji yaingie kwenye kihamba chao. Njia ilipita kwenye migomba mikubwa na giza la kugusa. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu, beti zote, akizimaliza anarudia, mpaka afike. "Watu walidhani nina wito," akasema. "Nilikuwa naogopa."

Tumesomesha watoto pamoja. Tumezika wazazi pamoja. Nimemjua mtu huyu kwa malaria, kwa madeni na kwa mpira wa Simba na Yanga, na habari ya mtoto anayeimba gizani sijawahi kuisikia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa ufunguo uko wapi, akasema hapakuwa na mahali pa kuisemea.

Huko juu kijana wetu akanyoosha kidole kuelekea mlio fulani mzito uliotoka mitini. Alikuwa mangabei wa Sanje, kima wa kijivu ambaye duniani kote anaishi milima hii ya Udzungwa peke yake. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Baba Neema, ambaye hupenda kuhakikisha, akauliza: "Sabini na tisa? Miaka yote hiyo alikuwa hapa juu ya kijiji na hakuna anayemjua?"

"Kijijini walimjua, baba," akasema kijana. "Hakuna aliyewauliza."

Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, yanashuka kwa hatua, siyo kwa mruko mmoja. Ukiyaona kwa mbali kutoka barabarani ni mstari mweupe tu kwenye kijani. Ukiyafikia ni kishindo, ni manyunyu usoni, ni mawe yanayotaka kukuvunja nyonga, na juu kuna vidimbwi ambamo unaweza kuingia ukaoga baridi ambayo Dar hatuna neno lake. Mzee wa kanisa alikunja suruali. Kisha akaona kukunja hakutoshi. Mimi niliingia na khanga. Kijana wetu ghafla alivutiwa sana na ndege mmoja upande wa pili wa mlima na hakugeuka mpaka tulipovaa. Kutoka pale juu unaliona bonde la Kilombero lote, miwa imekatwa vipande vipande, na ng'ambo yake ukungu.

Sitaki kuupamba mlima kupita kiasi. Kwa kina mama wa vijiji vya chini msitu huu una hesabu nyingine. Hadi 2011 waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka, kisha ruhusa ikaondolewa ili kuulinda msitu, na jiko la nyumbani likabaki na swali lake. Tuliposhuka nilinunua ndizi kwa mama mmoja pale Sanje, nikamuuliza kama amewahi kupanda kuyaona maporomoko. "Nilikuwa naingia kwa kuni," akasema akinihesabia chenji. "Kuyatazama tu, hapana. Ningeyatazama na nani?"

Najua barua zitakazokuja wiki ijayo, nyingine zimeshaandikwa. Kwamba hizo ni starehe za Wazungu. Mzungu simjui kwenye hili. Ninachojua ni kwamba babu zetu walikuwa na shamba la mbali na kibanda chake, ambako wawili walikwenda kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, na watoto wengi wa ukoo wetu hesabu yao inaanzia huko. Kwamba hakuna fedha. Asiyekuwa nayo simsemi, kuna nyumba ambazo nauli ya Kibaha ni mjadala. Nawasema wale tunaokutana nao ukumbini. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini kinalipwa kwa shilingi na hakifiki kadi ya singo. (Chukua namba ya malipo mapema, maana fedha taslimu getini haipokelewi na mtandao una siku zake.) Ukijumlisha nauli, gesti, mwongozaji na wali, tulitumia pungufu ya tulichochangia harusi moja ya mwaka jana, ambayo tuliitazama yote tukiwa nyuma ya nguzo.

Kwamba watoto wataachwa na nani. Wetu ni wakubwa. Wenye wadogo, shangazi mliyemkwepa kwenye ramani ndiye wa kumpigia simu. Atakuja haraka, kwa udadisi tu.

Wala si lazima Mang'ula. Msomaji wa Kenya ana Nyahururu, ambako mto Ewaso Narok unaanguka zaidi ya mita sabini kando kabisa ya mji. Wa Uganda ana Sipi, chini ya mlima Elgon. Wa Rungwe na wa Marangu wabadilishane, kila mmoja aende kwa ndugu wa mwenzake wasiomjua. Nendeni kati ya Juni na Agosti, maji ya masika yakiwa bado mengi na njia imekauka. Aprili msithubutu, njia zinateleza, na mkivunjika mguu mtakuwa mmewapa ndugu sababu halali ya kuja.

Mama mkwe alipata habari kabla basi halijafika Morogoro. Nadhani Neema. Akapiga simu yangu, nikaweka sauti ya juu ili Baba Neema asikie.

"Nasikia mlikwenda kutazama maji."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maji?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si yapo hapa Kinukamori? Mngekuja hapa mngeyaona bila kulala gesti, halafu Jumamosi mngenisaidia kuchuma kahawa. Na Jumapili kulikuwa na kikao cha ukoo."

Baba Neema akachukua simu, akamwambia mama yake kwamba mtandao unakatika, akaikata.